Rili Tatu Kwenye Chumvi ya Ng'ombe

Mgodi ulipofungwa, majirani zangu wa Nyihogo hapa Kahama walisema umefunga na akili zangu. Siwalaumu. Mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mama wa binti anayejiandaa na mtihani wa kidato cha nne, amepanda ngazi saa saba mchana kutandaza mishipi ya kuvulia samaki juu ya bati, na bahari hajawahi kuiona hata siku moja. Hata mimi ningecheka. Lakini hadithi hii mume wangu anaisimulia vibaya, kila siku, kwa kila mtu, kwa hiyo leo naisimulia mwenyewe.

Kwa miaka tisa nilikuwa dobi katika kambi ya wageni wa mgodi. Nilifua, nikapiga pasi, nikatandika vitanda. Mmoja wa wageni alikuwa Bwana Stefan, mhandisi wa pampu, mtu mrefu mwenye shingo nyekundu ambaye kila jioni alisimama kwenye uwanja wa mpira akirusha mshipi hewani kwa fimbo nyembamba. Mbele, nyuma, mbele, nyuma, na mwisho wa mshipi amefunga kipande cha uzi mwekundu badala ya ndoano. Alihitaji mtu wa kusimama mbali amwambie uzi umeangukia wapi, na mimi nilikuwa naanua nguo jirani na goli.

Uvuvi wenyewe ni huu: chambo ni mdudu wa bandia aliyefungwa kwa manyoya na nyuzi, mwepesi hata hewa inaweza kumpeperusha. Huwezi kumrusha yeye. Unaurusha mshipi, nao unambeba. Ukitumia nguvu unaharibu kila kitu. Lazima usubiri mshipi unyooke wote nyuma yako ndipo uurudishe mbele. Mafundi wa kambi walijaribu wakajichapa migongo. Mimi niliyekung'uta mashuka ya watu mia mbili kila wiki nilikuwa najua kusubiri shuka linyooke kabla ya kulivuta. Mwaka wa pili nilikuwa nautumbukiza ule uzi ndani ya ndoo iliyo hatua ishirini.

"Sesilia," Bwana Stefan alisema kwa Kiswahili chake cha kambini, "mkono yako iko na akili kuliko ya mimi."

Maneno hayo niliyaweka moyoni. Katika kambi ile nilishawahi kuambiwa mashuka ni meupe na supu imezidi chumvi, lakini kuhusu akili hakuna aliyewahi kuniambia kitu.

Mgodi ukafungwa, wageni wakaondoka, nikaenda kufua kwenye gesti ya stendi. Miaka miwili ikapita. Siku moja simu ikaita, ni Bwana Stefan. Yuko kisiwani, pwani ya kusini, ameanzisha na mwenzake kambi ya watalii wanaovua kwenye maji mafupi, yale yanayotambaa juu ya mchanga hata mtu akatembea ndani yake kwa mguu. Anatafuta waongozaji wawili. Mmoja anataka niwe mimi, ila lazima nipite majaribio ya siku tano kama wengine.

"Uje na fimbo, rili na mshipi yako mwenyewe," alisema. Rili ni lile gurudumu la kukunjia mshipi. "Sitaki ya bei kubwa. Nataka ya bei ndogo ambayo chumvi haiwezi kula. Kuchagua ndiyo nusu ya mtihani, Sesilia. Wageni watakuuliza kila siku ipi itadumu. Lazima ujue."

Mshahara ulikuwa mara tatu ya wa gesti. Lakini nisidanganye, mshahara haukuwa wote. Nilitaka, angalau mara moja kabla sijazeeka, niajiriwe kwa kitu ninachokijua.

Mume wangu Ngassa ni broka wa dhahabu. Anakaa Kalangalala, mjini Geita, na meza ndogo na mizani, ananunua vipunje kutoka kwa wachimbaji na kuwauzia wakubwa. Huja nyumbani Jumamosi. Nilipomweleza, alicheka mpaka akakohoa, halafu akaanza kupiga simu. "Mke wangu anaitwa na Wazungu," aliwaambia wenzake. "Ndiyo, baharini. Mtaalamu." Aliipenda sana habari ile. Ni mimi tu katika habari ile ambaye hakuniuliza lolote.

Vifaa nilivikuta kwa Chacha, Mkurya mmoja mwenye stoo nyuma ya soko, aliyenunua kwa mkupuo vitu vyote walivyoacha wageni wa kambi: majokofu, viatu vya chuma, baiskeli za mazoezi. Alinitolea sanduku lililojaa fimbo na rili.

"Chagua, dada. Hivi vidude hata sijui ni vya nini. Hiyo ya njano ndiyo ghali."

Fimbo za kipimo nilichohitaji, kile cha maji ya chumvi, zilikuwa mbili. Mishipi mizima miwili. Rili za saizi yake tatu: moja ya rangi ya fedha, moja nyeusi iliyochakaa kama sufuria ya kuni, na moja ya rangi ya dhahabu, nzito, inayong'aa mpaka inatia aibu.

"Nipe zote nikazijaribu siku tatu," nikamwambia.

"Ukazijaribu wapi, dada? Kwenye dimbwi la bodaboda?"

"Utanishikia kitambulisho changu cha taifa. Nikiharibu moja, nailipa."

Alikitazama kitambulisho, akanitazama mimi, akaona hana cha kupoteza. Nikabeba sanduku kichwani.

Sasa nisikilizeni. Mimi bahari sikuijua, lakini chumvi nilikuwa naijua. Nimezaliwa Kishapu, kwa mzee mwenye ng'ombe. Baba alikuwa na debe la chumvi ya ng'ombe, ile chafu iliyochanganyika na magadi, na kila mwaka alilazimika kununua debe jipya kwa sababu la zamani lilitoboka kama limepigwa misumari. Bawaba ya mlango wa ghala ilikwenda hivyohivyo, na jembe lililoegeshwa karibu. Mtoto wa mfugaji akiambiwa chumvi inakula chuma hahitaji kupelekwa pwani akaone.

Nikanunua kilo mbili za chumvi ile, nikaikoroga kwenye ndoo ya maji mpaka yakawa mazito, nikazitumbukiza rili zote tatu. Asubuhi nazitoa, nazianika juani bila kuzisuuza, jioni nazirudisha. Siku tatu.

Fimbo nilizipima kwa pamba. Zina vipete ambamo mshipi unapita, na kipete kikiwa na ufa hata mdogo, kinaukata mshipi polepole bila wewe kujua. Nikachukua pamba ya kwetu, nikaipitisha kwenye kila kipete nikizungusha. Fimbo mpya, nzuri, ilinyofoa nyuzi za pamba mara tatu. Ile kuukuu iliyofungwa gundi ya karatasi kwenye mpini haikushika hata unyuzi. Nikaichukua hiyo.

Mishipi ndiyo ile niliyoipandisha kwenye bati. Kuna mishipi iliyotengenezwa kwa nchi za baridi, ukiipeleka kwenye joto inalegea kama tambi. Jua la Oktoba la Kahama halimhurumii mtu. Saa tisa mmoja ulikuwa umelala juu ya bati kama nyoka aliyekufa, wa pili bado mkakamavu. Majirani wakacheka, mimi nikashuka na jibu langu.

Ngassa alifika Jumamosi, siku ya pili ya chumvi. Aliinama juu ya ndoo.

"Mama Blessing, hii ni nini?"

"Nachagua rili."

Akaingiza mkono akaitoa ya dhahabu. Akaipima kiganjani, juu, chini, kama anavyofanya na kila kitu, hata mkate. Uso wake ukalainika. Akaenda kwenye begi lake, akaleta kichupa cha asidi anachojaribia madini, akadondosha tone moja pembeni ya rili. Tukasubiri. Rangi haikubadilika, haikutoa povu.

"Umeona?" akasema. "Hiki ndicho chuma. Asidi yenyewe imekishindwa, sembuse chumvi? Na uzito wake! Kitu chepesi ni kitu cha bure, hiyo hata mtoto wa duarani, kwenye mashimo ya dhahabu, anajua."

"Rangi ndiyo imekataa asidi, Baba Blessing. Mimi natazama ndani."

"Ndani kuna nini?"

"Breki. Samaki akikimbia, ile breki ndiyo inamchosha. Ikiganda, mshipi unakatika."

Akairudisha kwenye ndoo taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. "Haya," akasema. "Wewe cheza na ndoo yako."

Siku ya tatu nikazikausha. Ya fedha ilizunguka kwa kelele, ikikwaruza kama karasha, ile mashine ya kuponda mawe ya dhahabu. Ya dhahabu kwa nje ilikuwa bibi harusi, lakini nilipoizungusha ilikwenda nusu duara ikasimama. Nikaifungua: ute wa kijani na kutu. Ile nyeusi, nyepesi, yenye mikwaruzo, ilizunguka kama nimeitoa dukani. Ndani ilikuwa na kifuniko cha mpira kimeziba pote, maji hayakuingia hata tone. Nilikaa kwenye kigoda cha jikoni nikaizungusha tu, nikasikiliza mlio wake. Nilikuwa na furaha. Nasema wazi, nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu.

Nilimwonyesha Ngassa zote tatu, ya dhahabu ikiwa imefunguliwa, kabla sijazirudisha. Alizungusha, akatikisa kichwa, akasema chumvi ya ng'ombe ina uchafu, ya baharini ni safi. Sikubishana. Chacha aliniuzia fimbo kuukuu, mshipi mkakamavu na rili nyeusi kwa bei isiyofika mbuzi wawili wa mnadani, na kwa kuwa rili mbili zilikuwa zimeharibika, nikamwongezea juu yake bila kunung'unika. Nikavifunga vyote kwenye kanga, nikavitia ndani ya kiroba, nikashona mdomo kwa sindano ya magunia.

Wiki ile Ngassa hakurudi Geita, alisema atanisindikiza. Alhamisi nikaenda Kishapu kumuaga mama, nikarudi Ijumaa. Jumamosi alfajiri Ngassa mwenyewe alibeba kiroba mpaka stendi, akakiweka miguuni pangu ndani ya basi, akanishika bega. Si mtu wa kushikana mabega. Tulipofika Singida, ujumbe ukaingia: *Ukifika fungua mzigo, kuna zawadi yako.*

Nikatabasamu peke yangu njia nzima. Nikafikiri ni kitenge.

Nilifika kisiwani siku ya tatu, kwa boti ya injini iliyonitapisha. Bwana Stefan alinipokea kwa mikono miwili. Kulikuwa na wengine wanne, wote wanaume, mmoja wao Adam, kijana wa Mafia mwenye rili iliyofungwa kwa mpira wa tyubu. Nikaingia kwenye hema nililopewa, nikakata uzi wa kiroba. Mshono haukuwa wangu. Mimi hushona kwa kurudia, huu ulikuwa wa mara moja.

Ndani ya kanga yangu palikuwa na fimbo yangu, mshipi wangu, na rili ya dhahabu.

Alikuwa ameisugua kwa dawa ya meno. Alikuwa ameimiminia mafuta ya cherehani mpaka ikazunguka tena. Na karatasi ilikuwemo, kwa mwandiko wake wa kubonyeza: *Nimemwongezea Chacha pesa tubadilishane. Mke wangu hawezi kwenda mbele ya Wazungu na takataka.*

Nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Nikampigia, mtandao hakuna. Chacha naye nikamlaani. Aliijua, alikuwa ameniona nikiirudisha imekufa, akaiuza mara ya pili kwa mtu wa nyumba ileile.

Siku ya kwanza na ya pili nilivua kuliko wote. Sijisifu, Bwana Stefan alisema mwenyewe mbele ya wenzangu. Maji yalifika magotini, meupe, unaona kivuli cha samaki kabla hujamwona samaki. Nilirusha nikasubiri, nikarusha nikasubiri, na kijidudu changu kilitua pale nilipokitaka. Kila jioni niliifungua rili nikaifuta, lakini maji baridi kisiwani yaliletwa kwa madumu na kila mtu alipewa lita tano za kunywa na kuoga. Mimi sikuoga. Zote nilimsuuzia yule bibi harusi.

Siku ya tatu asubuhi, kolekole, samaki mkubwa mwenye nguvu, akachukua chambo. Mvuto wake niliusikia mpaka begani. Alikimbia kuelekea maji marefu, rili ikazunguka, ikazunguka, ikatoa mlio kama wa jino linalosagika, ikasimama. Fimbo ikainama. Mshipi ukakatika, ukarudi ukanipiga shavu. Nikabaki nimesimama ndani ya bahari na kifaa kimeganda mkononi.

Bwana Stefan akaja akiyakata maji kwa miguu. Aliichukua rili, akaigeuza, na nikaona jinsi uso wake ulivyobadilika.

"Hii ilikuwa ya mimi," akasema. "Nje nzuri sana, ndani hakuna kitu. Iliniharibia likizo mbili. Niliitupa kambini." Akanitazama. "Sesilia, nani alichagua hii?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Mume wangu. Maneno mawili tu, na yalikuwa ya kweli. Adam na wenzake walikuwa wamesimama hapo wakisikiliza. Nikamfikiria Ngassa akisugua kwa mswaki, ulimi umetoka pembeni, na wenzake wa Kalangalala aliowaambia mtaalamu. Nikafikiri pia mwanamke anayesimama mbele ya wanaume wageni akamtaja mumewe kuwa mjinga, huyo anarudi nyumbani kwa nani? Miaka ishirini tumefundishwa kufunika. Mdomo ulifunika wenyewe.

"Mimi," nikasema. "Niliichagua mimi."

Akanirudishia rili. "Kurusha naweza kufundisha mtu yeyote," akasema. "Mimi nilidhani wewe unajua."

Nimesikia matusi mengi maishani, ya walevi wa gesti na ya mama mkwe. Hakuna lililowahi kuniingia kama lile, na lilisemwa kwa upole. Jioni ile alinipa nauli na chakula cha njiani. Nafasi ilikwenda kwa Adam. Rili yake ya mpira wa tyubu ilizunguka siku zote tano, nasikia.

Nilirudi Kahama siku ambayo Ngassa alikuwepo. Alitoka nje kunipokea kiroba, akachungulia uso wangu, akaona alama ya mshipi shavuni.

"Wamekukataa," akasema.

"Wamenikataa."

"Kwa sababu ni mwanamke."

"Kwa sababu rili iliganda."

Alitikisa kichwa kwa uchungu wa kweli, maana ananionea huruma, hilo siwezi kumnyima. "Ungeniambia," akasema. "Ungeniambia mapema kwamba inatakiwa nzito zaidi, ningekutafutia kubwa zaidi."

"Nilikuambia, Baba Blessing. Niliiweka kwenye ndoo siku tatu. Nikaifungua mbele yako. Ukaiona kutu kwa macho yako mawili."

Alifikiri kwa bidii, kama anayetafuta kitu alichokiweka mahali. Halafu akasema, bila ubaya wowote, ukweli mtupu:

"Nilidhani unacheza."

Nikaingia ndani. Nje nilimsikia jirani akimwuliza habari za safari, naye akamjibu kwamba mke wake amerudi, bahari ina mambo yake, na sisi wanawake wa huku maji tunayaogopa.

Jumatatu nilikwenda gesti. Kulikuwa na mashuka ya vyumba kumi na vinane, nikayafua yote.